Pori lenye bikoni: kupima viwanja si kupanga mji

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea Naliendele, au ukiishika barabara ya Mikindani na kutazama upande wa bara, utapita kwenye vichaka ambavyo mgeni atavidhania ni pori la kawaida. Mwenyeji anajua si pori. Chini ya majani kuna mawe ya mipaka, bikoni, yamekaa kwa mistari, na kila kipande kilichomo kati ya mawe manne kina mwenyewe, kina namba, na mara nyingi kina hati iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam au Mwanza. Mikorosho iliyokuwepo ililipwa fidia ikakatwa. Nyumba iliyotarajiwa haijajengwa. Pale si shamba tena, na mji haujawa.

Sasa matangazo ya viwanja yamerudi. Kila mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi asilia (LNG) cha Likong'o, Lindi, yanapochangamka, kila meli za korosho na makaa ya mawe zinapojipanga Bandari ya Mtwara, simu zetu hujaa picha za vigingi na maneno yale yale: eneo limepimwa, barabara zimechongwa, umeme uko jirani. Kinachonisumbua si madalali, maana wao wanatafuta riziki. Kinachonisumbua ni kwamba hata watu makini, madiwani, watumishi wa idara za ardhi na wasomi wetu, wanaipokea hali hii kama ushahidi kwamba safari hii miji ya Kusini inakua kwa kufuata misingi ya maendeleo endelevu. Hoja yao ni fupi: mji uliopimwa ni mji uliopangwa, na mji uliopangwa ni mji endelevu. Naamini hapo ndipo tunapokosea. Kupima ni kugawa ardhi. Kupanga ni kuamua watu watakaaje karibu na kazi, maji, shule na soko, wao na wajukuu zao. Mtwara na Lindi hazina uhaba wa viwanja vilivyopimwa. Zina mapengo, na kila mradi mpya wa viwanja pembezoni unaongeza pengo jingine juu ya yale tuliyoshindwa kuyaziba tangu enzi za mkoloni.

Nasema enzi za mkoloni kwa sababu Mtwara ilizaliwa na mapengo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza kutekeleza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji bandari ya meli kubwa, na wataalamu wakaona kina kirefu cha ghuba ya Mtwara, jirani na mji wa kale wa Mikindani, kinafaa kuliko Lindi. Wakachora mji wa makumi ya maelfu ya watu mahali palipokuwa na vijiji. Wazungu wakapangiwa Shangani kwenye upepo wa bahari, Waafrika wakapangiwa ndani zaidi, na katikati ikaachwa nafasi pana, kama ulivyokuwa utaratibu wa miji ya kikoloni. Barabara zikatengenezwa pana kuliko mahitaji, reli ikajengwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Bandari ilipofunguliwa rasmi mwaka 1954, karanga zilizoizaa hazikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa, na leo imebaki jina la kata. Watu waliojaza mji ule hawakuja kwa wingi uliochorwa. Waliokuja walijikusanya Chikongola, Magomeni, Majengo na Ligula, wakaishi kwenye visiwa vya makazi vilivyotengwa na vichaka.

Wimbi la pili tunalikumbuka wengi wetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 ikakaa chini miaka mingi bila kuuzwa. Kuanzia mwaka 2010 ikagunduliwa nyingine nyingi kwenye kina kirefu cha bahari, na mji ukabadilika ghafla. Kodi za nyumba Shangani zilipanda hadi watumishi wa kawaida wakahama, nyumba za wageni zikaota kila mtaa, na neno "Mtwara kuchele", yaani Mtwara kumekucha, likawa salamu. Wakati huohuo watu kutoka nje ya mkoa walinunua ardhi kwa ekari, wakaipima, wakaikata. Kisha bomba likajengwa kwenda Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015, baada ya vurugu za mwaka 2013 za kulipinga, ambazo bado zinauma. Kampuni za utafutaji zikapunguza kazi bei ya mafuta duniani iliposhuka. Wapangaji wakaondoka Shangani. Viwanja vilivyonunuliwa havikuuzwa wala kujengwa. Wenyewe walisubiri, na mpaka leo wanasubiri. Hilo ndilo pori lenye bikoni.

Tuweke basi maana ya neno lenyewe, kwa sababu siku hizi "endelevu" limekuwa kama chumvi, linatiwa kwenye kila andiko la mradi. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ililieleza mwaka 1987 kuwa ni maendeleo yanayotimiza mahitaji ya watu wa sasa bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Kwenye mpango wa mji maana hiyo inageuka kuwa hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, linapendekeza kwamba mtaa endelevu uwe na angalau watu 15,000 kwa kilomita moja ya mraba, yaani watu 150 kwa hekta. Barabara na njia zichukue karibu asilimia 30 ya ardhi. Na makazi yachanganyike na biashara na kazi, badala ya kutenga eneo la kulala tu na eneo la kununua tu. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 163. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 146,000. Ukigawanya, unapata kama watu tisa kwa hekta. Mtu atasema si haki kuhesabu mashamba, mikoko na mabonde, na atakuwa sawa. Lakini hata ukiondoa theluthi mbili ya ardhi yote ya manispaa, unabaki na watu 27 kwa hekta. Mji wa namna hiyo una nafasi nyingi ndani kabla haujatafuta nafasi nje.

Chukua hekta moja ya mradi wa viwanja. Ondoa asilimia 35 ya barabara na maeneo ya wazi, zinabaki mita za mraba 6,500. Ukikata viwanja vya mita 30 kwa 30, ambavyo kwenye matangazo vinasifiwa kuwa vya kisasa, unapata saba. Weka watu watano kila nyumba: ni watu 35 kwa hekta, na hapo umechukulia kwamba kila mwenye kiwanja amejenga. Kama amejenga mmoja kati ya watatu, ambayo kwa macho yangu si kukadiria vibaya kwa maeneo mengi ninayoyapita, una watu 12. Sasa chukua hekta ileile na uikate viwanja vya mita za mraba 300, kila kimoja chenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko, choo na kisima uani, baraza mbele. Unapata nyumba 21. Nyumba hiyo hukaliwa na mwenye nyumba na wanawe upande mmoja, wapangaji upande wa pili. Tuseme watu wanane. Jumla ni 168. Bila ghorofa hata moja, bila lifti, bila zege la kifahari, nyumba ambayo bibi zetu walizaa na kulea ndani yake inapita kipimo cha UN-Habitat, wakati kiwanja cha kisasa hakifikii hata robo yake.

Ningependa hesabu hii isomwe polepole na maofisa mipango miji wetu, kwa sababu inagusa jambo ambalo tumefundishwa kulionea haya. Tumeambiwa Chikongola ni msongamano na viwanja vya mita 30 kwa 30 ni maendeleo. Hebu tembea Chikongola saa kumi na mbili jioni. Mama anauza mihogo ya kukaanga barazani kwake, fundi cherehani yuko nyumba ya tatu, msikiti unafikika kwa kandambili, mtoto anatumwa chumvi akiwa peke yake na anarudi salama kwa kuwa macho ya mtaa mzima yako nje. Huo ndio mchanganyiko wa makazi na kazi ambao wataalamu wanauandikia miongozo. Nenda Mikindani, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na vichochoro vyenye kivuli: watu wa mwambao waliujenga mji wa kutembea kwa miguu karne kadhaa kabla neno maendeleo endelevu halijatungwa. Kasoro za mitaa hii nazijua. Vyoo vingi bado ni vya shimo, maji ya mvua yanasimama, gari la zimamoto halipiti kila mahali. Lakini hizo ni kasoro za mifereji, vyoo na njia, na zinarekebishika. Umbali haurekebishiki kirahisi.

Umbali una bei, na bei hiyo hailipwi na aliyekata kiwanja. Mtaa wenye viwanja vya upana wa mita 20 pande zote mbili unahitaji mita kumi za bomba la maji kwa kila nyumba. Ukiwa na viwanja vya mita 30, ni mita 15. Kama theluthi moja tu imejengwa, ni mita 45 kwa kila nyumba inayolipa ankara. Nguzo za umeme ni hivyo hivyo, barabara ni hivyo hivyo, gari la taka ni hivyo hivyo. Mamlaka ya maji inapochelewa kufikisha bomba, tunailaumu kwa uzembe, na pengine lawama nyingine ni ya haki, lakini hakuna mamlaka duniani inayoweza kuendesha bomba la kilomita nyingi kwa wateja wachache waliotawanyika bila kupandisha bei kwa wote. Shangazi yangu alijenga kwenye mradi mmoja wa viwanja nje ya mji, akajisifu kwa haki kabisa kwamba ana hati. Anapokwenda hospitali kupima presha analipa bodaboda shilingi 6,000 kwenda na kurudi. Maji ananunua kwa ndoo. Mjukuu wake wa darasa la pili alirudishwa kukaa na ndugu wa mjini kwa sababu shule iko mbali. Hati anayo. Mji hana.

Umbali huo tunauongeza hata kwa nia njema. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, na sote tunajua faida yake kwa watu ambao zamani walilazimika kupelekwa Muhimbili. Jengo la namna hiyo huvuta mji. Swali la mpangaji ni mji utavutwaje: kwa ukanda unaoendelea kati ya Mtwara na Mikindani, wenye daladala za uhakika na nyumba zilizokaribiana, au kwa kurusha viwanja huku na kule kila penye shamba la bei nafuu? Mtwara na Mikindani zimeunganishwa na barabara moja inayofuata ghuba. Mungu ametupa umbo la mji wa mstari, ambao ni rahisi kuhudumiwa na basi kuliko maumbo yote. Tunachofanya ni kuuvunja mstari huo kwa kutoka nje yake.

Upande wa ardhi yenyewe, hasara ni kubwa kuliko tunavyokiri. Pembezoni mwa Mtwara si jangwa lililokuwa likisubiri wapima ardhi. Ni mikorosho, minazi, mihogo na mbaazi. Mkorosho mmoja huzaa kwa miongo, na mkoa huu unaishi kwa korosho; fidia ya mti hulipwa mara moja na huisha mara moja. Isitoshe, mji wa Mtwara unakunywa maji ya visima vya Mtawanya, na Lindi inategemea visima vya Ng'apa. Maji hayo yanatoka ardhini, na ardhini yanafika kwa mvua kupenya udongo wenye uoto. Ukiyafunika maeneo hayo kwa mabati, sementi na mashimo ya vyoo, unakula akiba ya mtu ambaye hajazaliwa. Sioni mfano ulio wazi zaidi wa kile ambacho tume ya mwaka 1987 ilikuwa ikikisema.

Lindi ina tatizo lake la pekee, nalo ni umbo. Mji umebanwa kati ya vilima na ghuba. Ukisambaa kwa kupanda vilima, mvua inateremsha udongo kwenye nyumba za chini. Ukisambaa kwa kushuka, unaingia kwenye mikoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na si kwa sababu watunga sheria walipenda mandhari. Wazee wa Lindi bado wanakisimulia kimbunga cha Aprili 1952 walichosimuliwa na wazazi wao. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitupita karibu sana tukahamishwa kutoka maeneo ya mabondeni, kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 Hidaya ilikuja na mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na Kusini yote ikakaa kama kisiwa. Kila kiwanja kinachopimwa kwenye bonde kwa kuwa msimu wa kiangazi lilionekana kavu ni nyumba ambayo tunajua itaingia maji, na mwenye nyumba atakuwa amepewa hati na serikali yake.

Wanaotetea upimaji wa haraka wana hoja, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Wanasema: tusipopima mapema, watu watajipimia. Watazame Dar es Salaam, wanasema, ambako sehemu kubwa ya wakazi wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango, na sasa serikali inahangaika na urasimishaji, kubomoa vyumba vya watu ili ipatikane njia ya upana wa mita nne. Ni kweli. Mtwara na Lindi zina bahati ya kuchelewa, na anayechelewa ana nafasi ya kujifunza. Nakubali pia kwamba mtu aliyepimiwa hakosi usingizi kwa hofu ya kubomolewa, na hilo si jambo dogo kwa masikini. Lakini Dar es Salaam hiyohiyo inatupa somo la pili ambalo halisemwi. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, ukaishia kupima zaidi ya hapo, Bunju, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingineko. Ulikuwa mradi wa serikali, wenye fedha na wataalamu. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya viwanja hivyo ilikuwa bado majani, huduma zilikuwa zinasuasua, wengi waliofidiwa walishindwa kununua hata kiwanja kimoja katika ardhi yao ya zamani, wakahamia mbele zaidi na kuanzisha makazi mengine yasiyopangwa. Makazi holela hayakukoma, yalisogezwa. Dawa ya ujenzi holela ni kiwanja kidogo, cha bei anayoimudu muuza samaki wa soko la Feri, karibu na Feri. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kilomita 12 kutoka sokoni hakimzuii muuza samaki kujenga bondeni. Kinampa mtumishi wa Dar mahali pa kuhifadhi fedha.

Hoja ya pili ni ya moyoni, na sitaki kuidharau. Watu wa Kusini wanapenda nafasi. Mtu anataka kuku, michungwa, mahali pa kufanyia shughuli ya jando na unyago bila kuomba ruhusa kwa jirani. Mzee anaponunua kiwanja anawawekea watoto akiba ambayo benki haijampa. Ndiyo maana nasema mji upange viwanja vya aina mbalimbali, wenye kutaka bustani wapate na walipie gharama halisi ya bomba refu zaidi, na uwepo uwanja wa mtaa wa kufanyia shughuli, kama ambavyo mitaa ya zamani ilikuwa na mwembe wake wa pamoja. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kiwanja kikubwa kimefanywa kuwa kipimo cha mtu wa heshima, na mji mzima unachorwa kwa ajili ya yule mwenye gari.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni hii: gesi itakuja, mji utajaa wenyewe, huduma zitafuata watu. Nimeisikia kwa wauzaji, kwenye vikao vya kata, hata kwa watu niliowadhania hawaisadiki. Historia yetu imeijibu mara mbili, kwa karanga na kwa gesi ya kwanza. Mkataba wa awali wa LNG ulisainiwa Juni 2022, mradi baadaye ukatajwa kugharimu dola za Marekani bilioni 42, na mazungumzo yamekuwa yakienda na kurudi tangu hapo. Naomba uje, na ninaamini ukija utafungua ajira. Lakini kiwanda cha kusindika gesi huajiri maelfu wakati wa ujenzi na mamia tu kinapoanza kazi. Wajenzi wanataka vyumba vya kupanga kwa miaka michache, karibu na usafiri na mama lishe. Hawanunui mita 30 kwa 30. Mji ukijipanga kwa mtu anayekuja kukaa miaka minne kana kwamba anakaa milele, utabaki na barabara za kufagia na hauna wa kuzifagia. Na huko kusema huduma zitafuata watu ni kugeuza jambo miguu juu: mtu masikini hufuata huduma. Ndiyo sababu anabana bondeni karibu na soko wakati viwanja vyenye bikoni viko tupu.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa miji hawalitaji sana, na kwetu lina uzito. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Shamba la pembezoni mara nyingi limepita kwa bibi, kwa mama, kwa mabinti. Uthamini unapofanyika kwa haraka, jina linaloandikwa ni la mwanamume aliyekuwepo siku hiyo, au la kaka anayejua kusaini. Fedha ya fidia ikiingia, ardhi iliyokuwa inawalinda wanawake wa ukoo mzima inageuka pikipiki na mabati ya mtu mmoja. Mpango wa mji unaodai kuwa endelevu na unaacha hilo litokee kimyakimya umevunja mguu wake mmoja kati ya mitatu; uchumi na mazingira havisimami pasipo haki.

Kama hoja yangu ina ukweli, basi yafuatayo yanawezekana, na mengi hayahitaji sheria mpya. Hati za miji zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Sharti hilo limelala. Kubatilisha milki ni mamlaka ya Rais na ni njia ndefu, sawa, lakini halmashauri inaweza kuanza na notisi na kuorodhesha hadharani, kwa namba za viwanja, vyote vilivyopita muda wake. Orodha hiyo pekee itawashtua wengi wauze au wajenge. Mradi mpya wa upimaji usiidhinishwe mpaka asilimia inayoeleweka ya viwanja vya mradi uliotangulia iwe na nyumba na maji. Mahali panapolazimika kupimwa, wenye mashamba wasiondolewe. Mipango ichorwe pamoja nao, watoe sehemu ya ardhi kwa ajili ya barabara na shule, wabaki na viwanja vyao na baadhi ya mikorosho yao, kama upimaji shirikishi unavyoruhusu. Mapengo yaliyomo kati ya Shangani, Ligula, Chuno na Chikongola yajazwe kwanza, kwa viwanja vidogo na ramani ya nyumba ya Kiswahili iliyoboreshwa: choo kinachounganishwa na mfumo wa pamoja, ukuta unaobeba ghorofa moja hapo baadaye, baraza lililobaki baraza. Kwa Lindi, wafanyakazi wa Likong'o wapangiwe makazi ndani ya mji uliopo, Mtanda, Rahaleo, Mikumbi, badala ya kambi iliyozungushiwa ukuta, ili kodi zao ziwaingie wenye nyumba wa Lindi na mabomba yatakayojengwa kwa ajili yao yabaki kutumiwa na watu wa Lindi watakapoondoka.

Yatagusa maslahi. Mauzo ya viwanja yanazipa halmashauri fedha ya haraka kwenye bajeti zenye matundu, na mkurugenzi yeyote atauliza pengo hilo azibe na nini. Ni swali la haki. Lakini fedha ya kuuza kiwanja huja mara moja, wakati barabara ya kukifikia huchongwa kila baada ya masika. Nyumba ishirini na moja kwenye hekta moja zinalipa kodi ya majengo, ankara za maji, leseni za genge na saluni, mwaka hadi mwaka. Bikoni hazilipi ankara.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mzee mmoja upande wa Mangamba ambaye kampuni ya upimaji imemfuata mara tatu kuhusu shamba lake. Mikorosho yake mingine aliipanda mwaka aliooa. Nilimuuliza ameamua nini. Alinionyesha shamba la jirani yake lililopimwa miaka kumi na moja iliyopita, magugu yamefika kifuani, njia iliyochongwa kwa greda imekatwa na maji. "Mwanangu," akasema, "wakijenga pale, waje tuzungumze na hapa."